Mkato wa Rangi ya Fedha

Mkato mzuri una rangi ya fedha. Ukitoka kwenye makali ya kisu huelea juu ya maji ya kihori kidogo kilichoshikizwa kisuni, na fundi, ameinamia hadubini ndogo ya macho mawili, huusoma unene wake kwa rangi tu. Wa kijivu uko chini ya nanomita 60. Wa fedha ni kati ya 60 na 90. Ukiona dhahabu, umevuka 90 na unaelekea 150. Ukiona zambarau, irudie mashine uirekebishe, maana kwenye hadubini ya elektroni, elektroni zitapenya kwa shida na picha itajaa ukungu. Ni rangi zilezile zinazoonekana mafuta ya gari yakimwagika juu ya dimbwi: mwanga unaorudishwa na uso wa juu hukutana na ule unaorudishwa na uso wa chini, na unene ulio kati ya nyuso hizo huamua rangi ipi ibaki. Lee Peachey alizipima rangi hizi na kuzipangia jedwali mwaka 1958, na jedwali la namna hiyo bado hubandikwa ukutani karibu na mashine za kukatia.

Kinachokatwa, kwa habari ya makala haya, ni yai la mamalia. La binadamu lina kipenyo cha mikromita 120 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa seli, hilo ni jitu. Kwa mtu anayetaka kulishika, ni nukta isiyo na rangi. Ukilikata lote kwa mikato ya nanomita 70 utapata mikato zaidi ya 1,700, na kila mmoja utakuonyesha chini ya sehemu moja kwa elfu ya yai zima. Karibu yote tunayoyajua kuhusu mpangilio wa ndani ya yai, nani amekaa ubavuni mwa nani, nani ameshikana na nani, yalipatikana kwa njia hii: mkato mmoja juu ya kijiwavu cha shaba, halafu mwingine.

Tazama picha ya yai lililopevuka, lililo tayari kutungishwa. Halina tena kiini chenye ukuta. Kromosomu zimejipanga pembeni zikisubiri. Sehemu kubwa iliyobaki ni uwanja wa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, ambavyo katika yai moja la binadamu hufika 100,000 au zaidi. Ni ndogo na duara, zenye ujiuji mzito ndani na mikunjo michache iliyosukumwa ukingoni, tofauti kabisa na mitokondria ndefu zenye mikunjo mingi za misuli au ini. Na hazikutawanyika ovyo. Hapa na pale kuna fungu la vijirija vyembamba vya retikulamu laini, ule mtandao wa tando unaohifadhi kalsiamu, na kulizunguka fungu hilo mitokondria zimejipanga mduara, bega kwa bega. Utando wa mitokondria haujagusana na utando wa retikulamu. Kati yao kuna nafasi ya nanomita 10 hadi 30, imenyooka sambamba kwa urefu fulani, kisha tando zinaachana.

Kuonyesha kwamba vitu viwili vipo ni kazi ya kawaida ya hadubini. Kuonyesha kwamba vimekaribiana kiasi hicho na bado havikuungana, na kwamba nafasi ile ilikuwapo yai likiwa hai, haikuletwa na dawa wala kisu, hapo ndipo penye ufundi. Watu wa kazi hii hutumia siku nyingi wakilinda kitu ambacho hakipo: uwazi mwembamba kati ya tando mbili. Ndicho kinachonifanya niwastahi.

Kazi yenyewe huanza mbali na kisu. Yai likitoka mwilini linaanza kubadilika papo hapo. Likipoa, au maji yake yakibadilika chumvi, mitokondria huvimba na tando hujikunja. Jambo la kwanza basi ni kulisimamisha lilivyo. Tangu David Sabatini, Klaus Bensch na Russell Barrnett walipochapisha utafiti wao mwaka 1963, dawa ya kusimamishia ni glutaraldehaidi, inayofunga protini moja na nyingine palepale zilipo. Baada yake huja osimiamu, metali inayoshika mafuta ya tando na kuyatia weusi. Mvuke wake unaweza kuugandisha uso wa jicho la anayeutumia jinsi unavyoligandisha yai, kwa hiyo chupa hufunguliwa ndani ya kabati la kunyonya hewa.

Yai lina ukaidi wake. Limevikwa zona pelusida, ganda nene la protini zenye sukari, na kwa ukubwa wake dawa huchukua muda kufika katikati. Chumvi za dawa zikizidi, linasinyaa, zikipungua, linavimba. Uwazi wa nanomita 20 unaweza kuzaliwa au kufa hapa, kabla mtu hajagusa kisu. Ndiyo maana msomaji mzuri wa picha hizi haangalii uwazi huo peke yake. Hutazama kwanza tando mbili za mitokondria yenyewe, wa nje na wa ndani. Kama zinakwenda pamoja bila mapengo wala kupasuka, anaanza kuuamini uwazi ulio nje yao. Kama zimeachana, picha inawekwa kando, hata kama ni nzuri ya kuchapishwa ukurasa wa kwanza.

Kisha kuna tatizo la kulipoteza. Yai moja katika kichupa cha alkoholi linaweza kwenda na tone linalomwagwa. Kwa hiyo mafundi wengi hulifunga kwanza ndani ya kitone cha agari, ili kiwepo kitu cha kushika kwa koleo, na osimiamu nayo husaidia kwa kuligeuza kuwa doa jeusi. Maji hutolewa hatua kwa hatua kwa alkoholi inayozidi kuwa kali, nafasi yake inachukuliwa na rezini ya epoksi, ambayo John Luft aliieleza kwa ajili ya kazi hii mwaka 1961, na bonge zima linawekwa kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi liwe gumu. Haraka haisaidii. Rezini isipopenya vizuri kisu kitakapofika katikati ya yai kitakuta shimo, na mkato utapasuka kwenye sehemu ileile uliyoitaka.

Na mayai ya binadamu hayanunuliwi dukani. Mengi yaliyokatwa yametoka kwa wanawake walio katika matibabu ya kupata mtoto nje ya mwili, waliokubali yale yasiyofaa kwa matibabu yao yatumike katika utafiti. Kila bonge la rezini lina ruhusa ya mtu nyuma yake. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini mkono wa mkataji hauna pupa.

Sasa kisu. Mwanzoni watu walijaribu wembe wa chuma, na chuma, hata kikinolewa vipi, kina meno kwa kiwango hiki. Mwaka 1950 Harrison Latta na Francis Hartmann walionyesha kwamba kioo kilichovunjwa vizuri kina makali kuliko chuma kilichonolewa. Hakinolewi, kinavunjwa tu. Pande nene la kioo hukwaruzwa mstari, linabanwa, linaachwa lipasuke kwa mwendo wake, kwanza kuwa mraba, kisha mraba huo kukatwa karibu na kona mbili zinazoelekeana. Mpasuko ukienda polepole, makali yanakuwa safi. Ukirukaruka, yana mikwaruzo inayoonekana kama nywele chini ya taa. Wenye uzoefu hutumia upande wa kushoto wa makali, kwa kuwa huko ndiko mpasuko hutulia, na upande wa kulia huuacha kwa kukata mikato minene ya kutafutia. Kisu cha kioo ni cha siku hiyohiyo. Baada ya saa chache hakifai.

Aliyeleta almasi alikuwa Humberto Fernández-Morán, mzaliwa wa Maracaibo nchini Venezuela, mwaka 1924, aliyefanya kazi Stockholm na kurudi kwao kuanzisha taasisi ya utafiti juu ya mlima nje ya Caracas. Katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba almasi ikisuguliwa kwa subira hadi makali yapungue kufikia nanomita chache, inaweza kukata tishu, hata metali, maelfu ya mara bila kuchoka. Historia ilimtendea vibaya. Januari 1958 alikubali kuwa waziri wa elimu katika serikali ya Marcos Pérez Jiménez, serikali ikaanguka siku chache baadaye, naye akaishia uhamishoni, akafundisha Chicago. Wapo waliomsamehe na wapo ambao hawakumsamehe. Lakini kisu chake, pamoja na kihori chake cha maji, kipo mezani katika karibu kila maabara ya hadubini ya elektroni duniani, na fundi hukilinda kuliko simu yake.

Bonge la rezini hupunguzwa ncha kwa wembe mpaka libaki na uso mdogo wenye umbo la trapeza, pande mbili zikiwa sambamba kabisa. Zikiwa sambamba, kila mkato hushikana na uliotangulia na kutengeneza utepe unaoelea. Zikipishana kidogo, utepe unakwenda kombo. Mikato ya kwanza huwa minene, nusu mikromita au moja, ya kupakwa rangi ya bluu na kutazamwa kwa hadubini ya kawaida: je, tumeshafika kwenye yai? Tuko ukingoni au katikati? Hapa fundi huamua wapi pa kusimama, na uamuzi huo hauna njia ya kurudi. Alichokikata kinene hatakiona tena kwa undani.

Mashine ya kukatia husogeza bonge mbele kwa hatua ya makumi ya nanomita kila linaposhuka juu ya kisu. Keith Porter na Joseph Blum walifanya hivyo kwa mitambo ya wenzo. Fritiof Sjöstrand wa Stockholm alitumia joto: fimbo ya chuma inayoshika bonge hupashwa kidogo, inatanuka, na kule kutanuka ndiko kunakosogeza. Mashine zilizofuata njia hiyo zilipenda chumba tulivu. Mtu akifungua mlango, kiyoyozi kikiwaka, mtu akipita na hatua nzito koridoni, mkato unaofuata unakuwa mnene au hautoki kabisa. Fundi hunyamaza, hata wageni hunyamazishwa.

Utepe ukishaelea, hauguswi kwa kidole wala kwa koleo. Husogezwa kwa ukope mmoja uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti. Ndiyo, ukope wa jicho la mtu: umechongoka, ni laini, unapinda kwa kiasi, na hakuna kiwanda kilichotengeneza kitu bora kwa bei hiyo. Mkato uliokunjamana hunyooshwa kwa kuupitishia mvuke wa kloroformu kwa mbali. Kijiwavu cha shaba chenye upana wa milimita 3 huzamishwa majini na kuinuliwa chini ya utepe.

Bado hakuna picha. Tando ni hafifu mno mbele ya elektroni mpaka zipakwe metali nzito: urani, kama Michael Watson alivyoeleza mwaka 1958, kisha risasi, kwa njia ya Edward Reynolds ya mwaka 1963. Risasi hii ina adabu zake. Ikikutana na kaboni dioksaidi inaganda kuwa punje nyeusi zinazotapakaa juu ya mkato, na kaboni dioksaidi iliyo karibu zaidi ni ile inayotoka kinywani mwa fundi. Kwa hiyo matone ya risasi huwekwa ndani ya kisahani chenye punje za soda kali za kunyonya gesi hiyo, na mtu haongei wala hapumui juu yake. Nimeona picha za mayai zilizoharibiwa na pumzi moja, mitokondria zikiwa zimenyunyiziwa madoa meusi. Ukizoea, unajua mara moja: hapa mtu alicheka.

Ndipo unapofika mbele ya skrini, na tatizo la mwisho linajitokeza, ambalo dawa wala kisu haviwezi kulitatua. Mkato una unene wa nanomita 70. Uwazi unaoutafuta ni nanomita 20. Kama tando mbili zimesimama wima ndani ya mkato, utaona mistari miwili ya giza, uwazi mweupe kati yake. Kama zimelala kwa mshazari, kivuli cha mmoja kinaangukia mwingine, uwazi unatoweka na utaapa kwamba zimeungana. Hakuna aliyekosea. Ni pembe tu. Kwa bahati, mduara wa mitokondria una pande zote, na katika kila fungu zipo chache ambazo kisu kilizipita sawasawa. Msomaji huzitafuta hizo, anapima hizo, na yaliyobaki hayatolei hukumu. Nidhamu ya kuacha sehemu kubwa ya picha bila kuisemea chochote ni ngumu kuliko inavyosikika, hasa mkuu wa maabara akiwa amesimama nyuma yako.

Yaliyopatikana kwa uvumilivu huu ni historia ya maisha ya yai, ambayo ni ndefu kuliko ya seli karibu yoyote mwilini. Mayai ya mwanamke huanza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. T. G. Baker, aliyeyahesabu katika ovari za vijusi mwaka 1963, alikuta karibu milioni 7 mwezi wa tano wa ujauzito. Mtoto akizaliwa yamebaki milioni moja hadi mbili, na hayo yanayobaki husimama katikati ya kugawanyika, mengine kwa miaka 40 au zaidi. Katika yai linalosubiri, mitokondria, miili ya Golgi na retikulamu zimekusanyika upande mmoja karibu na kiini, mkusanyiko uitwao mwili wa Balbiani, kwa jina la mwanabiolojia wa Ufaransa wa karne ya 19. Folikuli, kifuko kinacholea yai, ikianza kukua mkusanyiko huo unavunjika na kila kitu kinasambaa. Miili ya Golgi inahamia ukingoni na kutengeneza chembe za ganda, zile zitakazomwagwa mbegu moja ya kiume ikishaingia ili nyingine zisipite. Baadaye Golgi yenyewe karibu huioni tena.

Pietro Motta na Stefania Nottola wa chuo kikuu cha La Sapienza, Rome, pamoja na wenzao, walipanga mfululizo huu kwa binadamu tangu kijusi hadi utu uzima, na mwaka 2000 wakautoa kwa picha zinazostahili kutazamwa hata na asiyejali biolojia. Mwaka huohuo Henry Sathananthan na Alan Trounson wa Australia waliufuatilia upande wa pili, baada ya kutungishwa, yai likigeuka kiinitete. Ukiweka picha za Rome kando ya za Australia unaona mikono miwili tofauti. Za Rome zina utulivu wa kijivu, kila utando umepimwa. Za Sathananthan zina giza zaidi na ujasiri, kana kwamba amekata akijua anakwenda wapi. Nazipenda zaidi za pili, ingawa kwa kupima uwazi ningechukua za kwanza.

Kwa nini mitokondria zikae mduara kulizunguka fungu la retikulamu? Jibu liko katika dakika ya kutungishwa. Mbegu ya kiume huingia na protini inayochochea retikulamu ya yai kumwaga kalsiamu yake. Kalsiamu hupanda, hushuka, hupanda tena, mawimbi yanayorudia kwa saa kadhaa. Katika panya huja kila baada ya dakika kumi au ishirini hivi. Ndiyo ishara ya yai kuamka, kumaliza kugawanyika kulikosimama na kuanza maisha. Lakini kila wimbi likipita, kalsiamu lazima irudishwe ndani ya retikulamu kwa pampu, na pampu zinakula nishati. Yai halina ustadi wa kuvunja sukari lenyewe. Seli zinazolizunguka huivunja na kulipa piruvati, nayo piruvati huchomwa na mitokondria. Rémi Dumollard na wenzake wa London walionyesha mwaka 2004 kwamba ukizizuia mitokondria za yai la panya, mawimbi hayawezi kuendelea. Uwazi wa nanomita 20 una maana hapo: kalsiamu inayotoka hufika kwa jirani ikiwa bado kali na kumchochea afanye kazi, na nishati anayoitengeneza inarudi kwa pampu bila safari. Tando zingeungana, ghala lingekuwa limevunjwa. Zingeachana mbali, ishara ingepoa njiani.

Kila mnyama amelitatua hilo kwa namna yake, na hapa fundi hupata starehe ya kweli. Mwaka 1970 Phillip Senger na Richard Saacke walichapisha picha za yai la ng'ombe zilizo na mitokondria za ajabu: kila moja imetoa pembe inayojikunja na kufunika sehemu ya saitoplazimu, imevaa kofia. Wanyama wanaocheua wanazo, sisi hatuna. Yai la nguruwe ni jeusi kwa mafuta, na huko utakuta matone ya mafuta, retikulamu na mitokondria vimekaa pamoja kwa utatu. Yai la panya ni jeupe na safi, retikulamu yake imekusanyika chini ya ganda, upande ambao mbegu itaingilia. Ukikata mayai ya aina tatu tu unaelewa kwamba hakuna mpango mmoja wa asili. Kuna tatizo moja na mafundi wengi.

Mpangilio huu unaweza pia kuchakaa. Katika mayai yaliyokaa muda mrefu kwenye chombo cha maabara, yale mafungu ya vijirija hupungua, na mahali pake mitokondria zinakutwa zimezunguka vifuko vilivyovimba. Wakati mwingine retikulamu hujikusanya kupita kiasi hata mviringo wake unaonekana kwa hadubini ya kawaida ya kliniki, doa laini katikati ya yai. Makubaliano ya wataalamu waliokutana Istanbul, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalishauri yai lenye doa hilo lisitungishwe kabisa. Baadaye kliniki nyingi ziliripoti watoto wenye afya waliotokana na mayai ya aina hiyo, na msimamo ukalegea. Kwa mama aliyepata mayai mawili tu baada ya miezi ya sindano, tofauti hiyo si ya kitaaluma. Na maswali yenyewe, je, doa hili ni fungu lilelile dogo lililokua, au kitu kingine, yanarudi mezani kwa mkataji.

Mashine zimejaribu kumpumzisha. Mwaka 2004 Winfried Denk na Heinz Horstmann wa Heidelberg waliweka kisu cha almasi ndani ya hadubini yenyewe: kinakata, picha inapigwa juu ya uso uliobaki, kinakata tena, usiku kucha, bila ukope wala kijiwavu. Yai zima linaweza kuhesabiwa mitokondria zake, likajengwa upya kwenye kompyuta na kuzungushwa. Ni kazi nzuri na ningependa kuona zaidi. Ila hatua za kisu hicho kwa kawaida ni nanomita 25 hadi 50. Uwazi unaolala sambamba na kisu unaweza kumezwa wote ndani ya hatua moja. Kwa swali la nani yuko wapi, mashine inashinda. Kwa swali la je, wamegusana, mara nyingi bado anaitwa mtu mwenye kisu, mkato wake ukainamishwa chini ya elektroni pembe baada ya pembe.

Na wakataji wa zamani waliona vitu ambavyo hawakuwa na jinsi ya kuvieleza. Tangu miaka ya 1960 picha za mayai ya panya zilionyesha mistari myembamba iliyopangwa sambamba, imejaa saitoplazimu yote, mirefu, isiyo na utando. Wengine waliifikiria kuwa akiba ya chakula, wengine ghala la ribosomu. Kwa miongo mingi iliendelea kuonekana katika kila mkato, ikatajwa kwa sentensi moja na kupitwa. Mwaka 2023 kundi la Melina Schuh huko Göttingen, Ida Jentoft akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha jibu baada ya kuyagandisha mayai kwa baridi kali, bila osimiamu wala risasi, na kuyapiga picha kutoka pembe nyingi: mistari ile ni rafu ambazo yai huhifadhi juu yake protini ambazo kiinitete kitazihitaji siku zake za kwanza. Protini iitwayo PADI6 ni lazima ili rafu zijengeke, na wanawake wenye hitilafu katika jeni yake hupata viinitete vinavyosimama baada ya kugawanyika mara chache tu. Ukirudi kwenye picha za nusu karne iliyopita, zile za kisu cha kioo, rafu zipo, zimenyooka, na unaweza kupima nafasi kati ya mstari na mstari kwa rula.